Chupa ya pafyumu: kisa cha Novichok kule Salisbury na mwanamke aliyekufa bila kuhusika

Tarehe 27 Septemba 2017 Urusi ilimaliza kuteketeza silaha zote za kemikali ilizokuwa imezitangaza, tani 39,967, na OPCW, lile shirika la kimataifa linalosimamia marufuku ya silaha za kemikali, makao yake The Hague kule Uholanzi, likathibitisha kwamba kazi imeisha. Mimi nilifurahi kweli, maana tani zote hizo zilikuwa sumu ya kuulia watu kwa maelfu na kuiharibu kulichukua miaka na pesa nyingi. Miezi mitano baadaye, kwenye mji wa Salisbury kusini mwa Uingereza, baba na binti yake wakakutwa hoi kwenye benchi, na sumu iliyowafikisha pale, Novichok, moja ya sumu za kushambulia neva, ilikuwa imesafirishwa ndani ya kichupa cha kushika kiganjani.

Nataka tukipitie hiki kisa chote, kwasababu wengi wanakikumbuka kama stori ya majasusi, msaliti kalipiziwa, wanadiplomasia wakafukuzwa, yakaisha. Hiyo ni nusu tu na kwa maoni yangu sio nusu yenye uzito. Nusu nyingine ni ya mwanamke wa miaka 44, Dawn Sturgess, mama wa watoto watatu, hakuwa anamjua huyo jasusi wala hana habari na mambo ya Moscow, na kati ya wote walioguswa na ile sumu mwaka 2018 yeye peke yake ndo aliyekufa. Ukitaka kujua hatari ya hizi silaha mpya iko wapi, mfuate yeye.

Ila tuanze na mlengwa. Sergei Skripal alikuwa kanali kwenye idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi, GRU, akawa anawapa Waingereza siri. Alikamatwa 2004, akahukumiwa miaka 13 mwaka 2006, alafu 2010 akatolewa kwenye kubadilishana wafungwa kulikofanyika uwanja wa ndege wa Vienna, akaenda kuishi Salisbury, nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa kawaida, kwa jina lake lilelile. Jumamosi tarehe 3 Machi 2018 binti yake Yulia akatua kutoka Moscow kuja kumuona.

Siku moja kabla ya Yulia walikuwa wametua wanaume wawili, paspoti zao za Urusi zinasema Alexander Petrov na Ruslan Boshirov. Jumamosi walifika Salisbury wakarudi London kulala. Jumapili tarehe 4 wakaja tena, treni ikawashusha saa sita kasoro dakika 12, na saa sita kasoro dakika mbili kamera ya barabarani ikawanasa wakitembea jirani kabisa na kwa Skripal. Saa nane kasoro kumi wako stesheni wanaondoka, na usiku huohuo wakapanda ndege kurudi Moscow. Masaa mawili tu mjini. Polisi wanasema ndani ya hayo masaa walipaka sumu kwenye kitasa cha nje cha mlango wa mbele wa nyumba ile, na baadae chembe za sumu hiyohiyo zikapatikana kwenye chumba cha hoteli walikolala mashariki mwa London. Wenyewe walikuja kusema kwenye televisheni ya Urusi kwamba walienda kuangalia kanisa kuu la Salisbury na mnara wake wa mita 123. Sitaki kupoteza muda hapo.

Sasa fuata ule mkono ulioshika kitasa. Saa saba na dakika 40 mchana baba na binti wanapaki gari katikati ya mji, yaani wale wawili hata hawajafika kwenye treni bado. Wanapita sehemu yenye mto na bata, pana watoto wa kiume wanacheza, Skripal anawapa vipande vya mkate wawarushie bata. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na kila mara mwili unanisisimka. Mkono uliotoka kushika kitasa chenye mojawapo ya sumu kali kuliko zote alizowahi kutengeneza binadamu, unampa mtoto mkate. Watoto walitafutwa baadae wakapimwa, wakaambiwa wako salama, na hakuna sababu nyingine zaidi ya bahati. Kutoka hapo baba na binti wakaingia baa, kisha mgahawani wakala, wakatoka, na saa kumi na robo hivi jioni wako kwenye benchi, binti amemlalia baba yake, baba anaangalia juu na mikono inafanya vitu visivyoeleweka. Wa kwanza kuwasaidia walikuwa wapita njia, mmojawapo alikuwa muuguzi mkuu wa jeshi la Uingereza aliyekuwa anatembea zake na familia, bahati nyingine hiyo.

Hapa nisimame kidogo kwenye namna hii sumu inavofanya kazi, bila hilo mengine hayaeleweki. Misuli yako, ikiwemo ya kupumulia, inafanya kazi kwa kupokea ujumbe kutoka kwenye neva. Ujumbe ukishafika kuna kimeng'enya kinaufuta palepale ili msuli ulegee usubiri ujumbe mwingine. Sumu ya neva inakifunga hicho kimeng'enya, kwahiyo ujumbe unafika ila haufutiki, unarundikana, kama swichi imegoma kuzima, msuli unakaza weee mpaka unachoka kabisa. Mate yanamwagika, jasho linamwagika, mboni za macho zinasinyaa zinakuwa kama tundu la sindano, mapafu yanajaa majimaji, mtu anazama akiwa nchi kavu. Dawa ya atropini inasaidia kuzuia huo mrundikano usimmalize mtu, lakini kimeng'enya kilichoharibika mwili wenyewe ndo unatakiwa kutengeneza kingine, na hiyo ni kazi ya siku nyingi, wiki nzima nzima mgonjwa amelazwa usingizi wa dawa na mashine ndo inapumua badala yake. Alafu sumu ikipitia kwenye ngozi ya kiganja haiharakishi, ndo maana hawa walitembea, wakanywa, wakala, karibu masaa matatu, huku wanaiacha kwenye kila walichogusa.

Hospitalini mwanzo walidhani ni madawa ya kulevya, hizi dawa za jamii ya afyuni, na huwezi kuwalaumu, mboni ndogo na kupumua kwa shida ndo dalili zake hizohizo. Polisi walipojua mgonjwa ni nani ndo watu wakaanza kuwaza vingine. Usiku huo sajenti mpelelezi Nick Bailey na wenzake waliingia kwenye nyumba ya Skripal kuangalia kama kuna mtu mwingine ndani, wamevaa nguo za kujikinga za wachunguzi, na bado Bailey akaumwa, akalazwa zaidi ya wiki mbili, na baada ya hapo yeye na mkewe na watoto wakapoteza nyumba yao na karibu kila walichokuwa nacho ndani kwa sababu vilikuwa vimechafuka. Mtu kaingia kazini kwenye mlango mmoja tu, mara moja.

Kilichowaokoa Skripal na binti yake ni mchanganyiko wa madaktari na wauguzi wenye moyo, na jiografia. Maabara ya serikali ya Porton Down, inayoshughulika na ulinzi dhidi ya silaha za kemikali na za kibaiolojia, iko kilomita chache tu kutoka Salisbury, ni moja ya sehemu chache duniani zenye uwezo wa kuitambua sumu hii haraka. Hata hivo waliowahudumia walikuja kukiri kwamba mwanzoni hawakutegemea kama watapona. Yulia alitoka hospitali Aprili, baba yake Mei. Jiulize ingekuwaje kwenye mji ambao hauna maabara kama ile jirani. Wangezikwa, na cheti cha kifo kingeandikwa madawa ya kulevya.

Tarehe 12 Machi waziri mkuu Theresa May akasimama bungeni akasema ni Novichok na kwamba inawezekana kwa kiasi kikubwa Urusi ndo imehusika. Urusi ikakanusha na inakanusha mpaka leo. Uingereza ikafukuza wanadiplomasia 23, nchi nyingine zaidi ya 20 zikafuata, Marekani peke yake ikafukuza 60. Aprili OPCW wakathibitisha matokeo ya maabara ya Waingereza, na wakasema sumu yenyewe ilikuwa safi sana, karibu haina uchafu wowote ndani yake. Siku moja baada ya taarifa hiyo, tarehe 13 Aprili, Waholanzi wakawakamata maofisa wanne wa GRU kwenye gari nje ya makao ya OPCW wakiwa na mitambo ya kuingilia mtandao wa wifi wa shirika hilo, wakarudishwa kwao.

Dunia nzima macho kwenye siasa. Pale mjini nako watu wameambiwa nini? Wiki moja baada ya tukio, watu kama 500 waliopita kwenye ile baa na ule mgahawa wakaambiwa wafue nguo walizovaa, wafute simu na miwani, na wakahakikishiwa kwamba hatari kwa umma ni ndogo. Maneno hayo, hatari kwa umma ni ndogo, yalirudiwa sana miezi ile. Na mimi nakubali kwamba waliyasema kwa nia njema, mji ulikuwa umejaa hofu, biashara zimekufa, watu wanakimbia eneo.

Shida yangu iko hapa. Hesabu ya hatari ilifanywa kwenye sehemu ambazo sumu ilijulikana imepita, mlango, gari, meza ya mgahawa, benchi. Kila ilipokutwa walizungushia utepe wakapalinda. Lakini sumu haikuja Salisbury ikiwa kwenye kitasa, ilikuja kwenye kitu. Sumu lazima iwe na chombo, na chombo cha kazi kama ile hakiwezi kuwa na alama ya fuvu, kinatengenezwa kifanane na kitu ambacho afisa wa forodha hawezi kukishtukia na mtu yeyote anaweza kutamani kukiokota. Chombo kiko wapi? Inawezekana walidhani wauaji wameondoka nacho. Ni dhana yenye mantiki. Ila ilikuwa dhana tu, na ikiwa ya uongo basi gharama yake ni maisha ya mtu ambaye hamumjui.

Siku 118 zikapita.

Jumamosi tarehe 30 Juni 2018, Amesbury, kilomita kama 12 hivi kutoka Salisbury. Mwanaume mmoja anampa mpenzi wake zawadi, boksi la pafyumu la brandi kubwa alilokuwa ameliokota. Boksi liko vizuri, limefungwa na nailoni yake kama linavotoka dukani, yeye mwenyewe alieleza baadae kwamba ilibidi atumie kisu kuifungua. Ndani kuna chupa na kipulizio chake pembeni, vinatakiwa kuunganishwa. Akaviunganisha, kidogo kikamwagikia mikononi, akaona kina mafutamafuta na wala hakinukii kama pafyumu, akanawa. Mwenzake akajipulizia kwenye vifundo vya mikono yote miwili akasugua, vile ambavyo kila mtu anafanya akijaribu pafyumu mpya. Ndani ya robo saa hivi akasema kichwa kinamuuma, akaenda kujilaza kwenye bafu. Mwenzake akamkuta humo, macho wazi, povu mdomoni.

Ambulensi ikamchukua. Jioni ya siku hiyohiyo ikarudi kwenye nyumba ileile kumchukua mwanaume. Na tena, miezi minne tu baada ya Skripal, hospitali ileile, wazo la kwanza likawa madawa ya kulevya. Safari hii wazo lilipata nguvu kutokana na jinsi watu walivowatazama hawa wawili, watu wa maisha ya chini, watu wenye matatizo yao. Polisi walimhesabu huyo mama kama mtumiaji wa madawa na haikuwa kweli, na mwaka 2024 mkuu wa polisi wa Wiltshire, mkoa wenye miji hiyo miwili, ikabidi aombe radhi kwa familia mbele ya uchunguzi. Hili linaniuma kuliko nilivotegemea. Mtu anapuliziwa silaha ya vita mkononi na cha kwanza kinachotiliwa shaka ni tabia zake. Porton Down walithibitisha tarehe 4 Julai kwamba ni Novichok, yeye akafariki tarehe 8, mwanaume akapona. Chupa ilipatikana ndani ya nyumba tarehe 11, siku tatu baada ya kifo chake. Pafyumu yenyewe ilikuwa feki, boksi na kila kitu, imetengenezwa maalum kwa kazi ile, na ilikuwa imebaki na sumu ndani ya kutosha kuua watu wengi mno, waliosimamia upelelezi wanazungumzia maelfu.

Mtu anaweza kuuliza kwanini mlengwa kapona na asiyehusika kafa. Jibu ni kipimo na namna ilivoingia. Skripal alipata mabaki ya kitu kilichopakwa kwenye chuma, kikapita taratibu kwenye ngozi ngumu ya kiganja. Mama wa watu alijipulizia yenyewe ilivo, moja kwa moja kutoka kwenye chombo, kwenye ngozi laini, alafu akasugua. Moyo ulisimama kabla msaada haujafika na ubongo ukakosa hewa muda mrefu. Sasa hebu fikiria wangejipulizia wawili, au ingekuwa imetolewa zawadi kwenye sherehe, boksi linazunguka mkono kwa mkono na kila mtu anasema niletee nami ninuse.

Ni baada ya hapo ndo mganga mkuu wa serikali akatoka kuwaambia wananchi wasiokote vitu wasivyovijua, sindano, vichupa, makopo ya ajabuajabu. Julai. Ushauri wenyewe ni mstari mmoja na haugharimu chochote, na ungeweza kutolewa Machi. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba ukimwambia kila mtu asiokote chochote bila kujua unatafuta nini unawatia watu kiwewe kwa miezi, na baada ya wiki tatu hakuna anayekusikiliza. Ni hoja ya kweli, nimeizungusha kichwani sana. Lakini bado naona kati ya kuogopesha mji na kukaa kimya kuhusu chombo ambacho hakijaonekana, kulikuwa na nafasi ya kusema ukweli wenyewe ulivo: sumu ilikuja na kitu, kitu hicho hatujakipata, ukiona kichupa au chombo usichokielewa kiache na utuite. Watu wazima wanaweza kuubeba ukweli wa namna hiyo.

Usafishaji nao ni wa kuusikia. Maeneo 12, wanajeshi karibu 190, kazi ikaisha rasmi tarehe 1 Machi 2019, yaani mwaka mzima kasoro siku tatu tangu kitasa kipakwe. Nyumba ya Skripal iling'olewa paa lote likawekwa jipya. Benchi liliondolewa. Magari ya polisi na ya wagonjwa yakatolewa barabarani. Simbilisi wawili waliokuwa wamefugwa ndani ya nyumba ile walikufa baada ya nyumba kufungwa, paka akakutwa katika hali mbaya ikabidi daktari wa mifugo ammalizie mateso. Yote hayo kwa matone ya kitu ambacho ungeweza kukificha kwenye soksi.

Hii sumu yenyewe sio mpya sana, upya wake ni kwamba ilikaa nje ya macho ya sheria. Wasovieti waliitengeneza kuanzia miaka ya 1970 kwa siri, na aliyeitoa hadharani ni mkemia wao wenyewe, Vil Mirzayanov, aliyeandika gazetini Moscow mwaka 1992 kwamba wakati nchi inazungumzia kuachana na silaha za kemikali maabara zinaendelea na kizazi kipya. Akawekwa ndani, kesi ikafutwa 1994. Mwaka uliofuata, 1995, mwenye benki mmoja pale Moscow, Ivan Kivelidi, aliuawa kwa sumu ya jamii hii iliyopakwa kwenye simu ya ofisini kwake. Katibu wake akafa pia. Naomba uisome tena hiyo sentensi. Miaka 23 kabla ya Amesbury ilishaonekana wazi kwamba hii kitu ikiwekwa kwa ajili ya mtu mmoja inamchukua na aliye jirani, ushahidi ulikuwepo na haukutikisa dunia kwasababu waliokufa walikuwa wawili tu.

Na hapa ndo napopaona udhaifu mkubwa. Mkataba wa silaha za kemikali ulioanza kazi 1997 ni mkataba mzuri, pengine mzuri kuliko yote ya aina yake, una wakaguzi, una maabara, una nchi 193 ndani. Unapiga marufuku kemikali yoyote ya sumu ikitumika kama silaha, hata kama haijaandikwa popote. Lakini kazi ya kila siku ya ukaguzi, nani atangaze nini, kiwanda gani kitembelewe, hiyo inafuata orodha zilizoambatanishwa, na Novichok haikuwemo kwenye orodha. Kwahiyo mwaka 2017 mtu alihesabu tani 39,967 na hakukosea hata tani moja, na hesabu ile haikuwa na uwezo wa kuona kichupa. Mfumo mzima ulijengwa na watu waliokuwa na kumbukumbu ya mawingu ya gesi kwenye vita kuu ya kwanza, ya Halabja, mji wa Iraq uliopigwa kwa gesi mwaka 1988, silaha za maghala, na kwa hizo umefanikiwa, Julai 2023 Marekani nayo ikamaliza ghala lake la mwisho. Silaha ya kuua mtu mmoja haihitaji ghala. Inahitaji maabara ndogo nzuri, dola inayokubali kulaumiwa, na mtu wa kubeba begi.

Novemba 2019 nchi wanachama zilikubaliana kuongeza jamii hii ya sumu kwenye orodha ya juu kabisa, mara ya kwanza orodha kubadilishwa tangu mkataba uanze. Mabadiliko yakaanza kutumika tarehe 7 Juni 2020. Tarehe 20 Agosti mwaka huohuo mwanasiasa wa upinzani Alexei Navalny akaanza kulia kwa maumivu kwenye ndege iliyotoka Tomsk kwenda Moscow, akahamishiwa Berlin, na OPCW wakakuta kwenye damu na mkojo wake kitu cha jamii ileile, ila muundo wake haukuwa ule uliotoka kuandikwa. Orodha ilikuwa na miezi miwili na nusu tu tayari imeshakwepwa.

Kwa upande wa silaha za kibaiolojia hali ni mbaya zaidi na inanitisha zaidi. Mkataba wake ni wa 1975 na hauna kitu kama OPCW, hauna wakaguzi wa kuja kugonga mlango wa maabara. Chupa ya Amesbury, kwa ubaya wake wote, ilikuwa na kitu kinachopungua kila kinapotumika na kinachoweza kuoshwa, unazungushia utepe, unang'oa paa, unamaliza. Chombo chenye kijidudu hai kikiokotwa na mtu asiyejua, utepe utauzungushia wapi?

Uchunguzi wa umma wa kifo cha yule mama uliongozwa na jaji mstaafu Lord Hughes, ukasikiliza ushahidi kuanzia Oktoba mpaka Desemba 2024, na ripoti ikatoka Desemba 2025. Ikasema kutumia sumu ile kwenye mji wenye watu ni kutojali maisha kwa kiwango cha kushangaza, kwamba kifo chake kinaungana moja kwa moja na lile jaribio la kumuua Skripal, na kwamba operesheni kama ile lazima iliidhinishwa kutoka juu kabisa, na rais Putin. Wanaume watatu wameshashtakiwa Uingereza, wale wawili na wa tatu aliyetajwa 2021, wote wanatajwa kuwa wa GRU. Hakuna aliyewahi kusimama mahakamani, katiba ya Urusi hairuhusu kutoa raia wake. Watoto wa marehemu walisubiri miaka saba na miezi mitano kusikia ikisemwa rasmi kwamba mama yao hakuwa amefanya kosa lolote asubuhi ile, alipewa zawadi akajipulizia.